Magugu ya Luchelele

Umeniuliza, Nkwimba, kwa ujumbe wa saa nane usiku,
nani hulikusanya wingu hilo la mtihani wako,
zito kama majua laki moja.
Mimi niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni reki,
buti za mpira na magugu maji.

Lakini ungeamkia hapa Luchelele leo.
Jana ziwa lilikuwa jeupe. Sasa ghuba imefungwa,
mtumbwi wa Bugumba umekwama hatua chache toka mwaloni.
Hakuna aliyeitisha mkutano.
Kila gugu lilikuja na safari yake,
moja toka mdomo wa Kagera, moja liling'oka Kome;
la mbele likasita, la nyuma likaligonga,
mizizi ikashikana
kama vidole vya watoto mnadani.

Nawe ulinisomea: gesi imetawanyika gizani,
chembe hapa, chembe kule,
mpaka iukute mkono wa galaksi,
nao si ukuta, ni msongamano tu.
Ikiingia hupunguza mwendo, hubanwa,
hupoa.

Hapo kwenye kupoa nilikuelewa.
Vya moto haviungani, muulize baba yako.

Na lile la vumbi nililipenda:
haidrojeni mbili zakutana juu ya punje moja
kama abiria wawili juu ya gunia la dagaa
kwenye meli ya Ukerewe,
wakashuka Nansio mke na mume.

Nikiingiza mkono chini ya magugu
maji ni ya baridi, mwanga haufiki.
Ya juu yanaungua jua, ya chini yamestirika.
Wingu nalo hujifunika hivyo, ulisema:
gesi ya nje huchomwa
ili ya ndani ipate kuoana.

Kisha mfano wangu unavunjika.
Magugu hayaitani. Upepo ukigeuka, yameachana.
Wingu lako likishakuwa zito, uzito wenyewe huita,
huvuta, hukaza,
hadi nyota zizaliwe ndani yake
na kumrarua mama yao kwa mwanga.

Usiniandike kwenye mtihani.
Andika kuhusu mkono, ubaridi, vumbi, uzito.
Wasahihishaji hawapajui Luchelele.

Leo nimevuta matoroli kumi na mawili, mgongo wote moto.
Bugumba amepita.
Jioni hii upepo unatoka Kome tena,
na kule mbali naona kidoa cha kijani,
kimoja,
hakijakutana na mwenzake.