Mstari wa Maji

Dalali Mbwana Shaame ametuachia ufunguo hadi kesho magharibi.
"Milioni arobaini na mbili," kasema. "Nyumba si andazi,
haipoi. Ila huliwa na aliyewahi."
Akacheka peke yake, akapiga teke vespa, akenda zake.

Miaka kumi na mmoja tumepanga Jang'ombe, Khelef.
Miaka kumi na mmoja
kila msumari naupigilia kwa ruhusa.

Basi Sebleni nimekwenda mara tatu.
Asubuhi, watoto wa skuli wakipita dirishani wakigombania peni.
Adhuhuri, bati likilia kwa jua.
Kisha saa tisa ya usiku, na tochi ya simu,
maana niliambiwa maji ya mfereji huja saa hiyo.
Na yakaja: bomba likakohoa, likatema kutu, likanyooka.
Nje wanawake watano na ndoo.
Hakuna aliyeniuliza mimi nani.
Mmoja akasogeza ndoo yake akasema, "Kinga, yatakatika."

Hilo nimeliandika pembeni ya hesabu. Sikulipata bei.

Hesabu yenyewe:
kumi na tisa, zako za melini;
sita, za mchezo, mkono wangu wa mwisho;
nne, mkufu wa mama
(sonara keshaupima, mama hajui);
kumi kwa kaka yako Maskati, akishika simu.
Zilizobaki ni dua.

Na ardhi, kama ujuavyo, ya serikali.
Tunauziwa matofali, milango mitatu,
minazi miwili, mmoja hauzai, na mstafeli.
Sheha atatia sahihi kuwa tumenunua
kilichosimama juu ya kisichouzwa.
Warithi saba. Sita wametia dole gumba.
Wa saba, Bi Mwatime wa Wete, hasemi ndiyo wala hapana.
Kitovu chake kimezikwa chini ya mstafeli.
"Uzeni," kasema, "lakini mti msiukate."
Sasa hiyo ni sahihi, au ni kilio?

Nikatazama rangi.
Samawati nusu ya kiambaza, juu nyeupe.
Mbona nusu? "Fasheni," kasema Mbwana.
Nikakwaruza kwa ukucha:
chini ya samawati, kijani,
chini ya kijani, chumvi,
na mstari wa kahawia
umekwenda chumba kwa chumba kama uliopigwa rula.

Bi Salhiya wa nyumba ya pili aliniona, hakungoja kuulizwa.
"Masika yale, mwanangu, tulilala juu ya makabati.
Godoro langu liliondoka ukumbini polepole,
utasema mgeni anayeaga."
Akacheka mpaka akafuta macho.
"Lakini mie nipo. N'ende wapi?
Maji haya nayajua pa kuingilia: mlango wa uwani.
Weka kizingiti, tofali mbili, usifanye uvivu wa saruji."

Jioni nikamchukua Nasra.
Nikamsimamisha ukutani, visigino vimegusa.
Mstari ukampita kidevuni.
"Mama, unanipima?"
Nikasema ndiyo.
Akasimama kwa vidole ili aushinde.

Nawe umeniandikia kutoka huko bahari gani sijui:
utakaloamua ni sawa.
Hilo si jibu, Khelef. Huko ni kunipa jembe
na kulificha shamba.

Kesho nitamwambia Mbwana thelathini na tatu.
Ataapa kwa kaburi la babake.
Nitamshika mkono, nimpeleke penye ukucha wangu,
nisiseme neno.

Sasa Nasra kalala. Ufunguo uko mezani,
mzito kuliko mlango wake,
na kando yake stafeli moja
ambayo Bi Salhiya alinichumia mti haujawa wangu.
Naibonyeza kwa kidole gumba.

Bado.