Daftari la Karani wa Mizani

Shemeji Hozza aliteremka na basi la Amani,
furushi kwapani, limefungwa kwa kaniki.
Ndani uyoga, si huu wa kutia nazi:
mgumu kama kisigino cha mkata mkonge,
mwekundu, unang'aa kama kiti kilichopigwa vanishi.
"Huu umekula kisiki kizima," akasema,
"utashindwa na figo?"
Nikanyamaza. Aliyekula kisiki
ndiye nimkaribishe tumboni kwa mume wangu?

Mhina alikuwa karani wa mizani,
shamba la Ngomeni, miaka thelathini na mmoja.
Robota halikutoka bila kalamu yake.
Hata nyama ya sikukuu aliipima tena nyumbani,
akarudi buchani kudai gramu zake.
Sasa anapimwa yeye.
Bombo wanampima damu, wanampima mkojo,
na kila namba anaishusha
katika daftari lile la jalada jeusi
lililostaafu naye likiwa na kurasa.

Sukari ilikuja mgeni.
Siku ya tatu tukaipa jembe,
ikalima, ikalima, mpaka kwenye figo.
Nilijua kwa ndara: mkanda uliacha mfereji mguuni
na mfereji haukujaa mpaka adhuhuri.
Nilijua kwa povu la chooni, lisilozimika.

Kidonge cha sukari, asubuhi.
Cha presha, usiku; nacho, wanasema, hulinda figo.
Na uyoga, nikauchemsha kwa siri,
yaani siri ya Mabawa:
nyumba ya tatu ilishajua
kwa harufu ya ubao ulionyeshewa.
Mwanamkuu, dirishani: "Tupa vidonge, shoga,
dawa mbili haziketi chungu kimoja."
Mwanangu, kwa simu kutoka Dodoma: "Mama, tupa hayo makuvu."
Kila mtu ana mkono wa kutupa.

Bombo, Mhina akanisaliti.
Alimfungulia mfamasia daftari, kidole kwenye mstari:
*Uyoga. Kikombe kimoja. Robo lita. Uchungu: umezidi kiasi.*
Nilitazama sakafu, sakafu haikupasuka.
Nakijwa hakucheka.
Aliuliza tangu lini, mara ngapi, nani aliuchuma.
Akakinusa kipande nilichokificha kwenye kitambaa.
"Sijui," akasema.

Miaka yote hii ya kupanga foleni
sikuwahi kulisikia neno hilo
likitoka ndani ya koti jeupe.

"Sijui ukikutana na vidonge unafanya nini.
Labda unasaidia. Labda unashusha presha ikapitiliza.
Labda ni mzigo mwingine kwa mpagazi aliyechoka.
Vidonge msiviache hata siku moja.
Huu usimame kwanza. Tupime. Kisha tuongee."

Usiku ule, pembeni mwa ukurasa wa namba,
Mhina alihesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza.
Nikadhani anasali. Alikuwa anapima tena:

*Figo zangu nawaita, wawili msoonana,*
*Mwachuja bila kusita, usiku hata mchana,*
*Na sukari ninateta, la kuwalipeni sina,*
*Ofisi msiifunge, mwezi haujaandama.*

"Mwisho hapo vina vimekukimbia," nikamwambia.
"Waache wakimbie," akajibu, "mizani imetimia."

Mwezi wa pili namba ilishuka. Kidogo,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Hozza akasema, ni ule uyoga, bado uko mwilini.
Mwanangu akasema, ni vidonge.
Mimi nimepunguza chumvi tangu Rajabu
na hakuna aliyeniuliza.

Uyoga uko juu ya kabati, kando ya chupa ya vidonge,
haviongei, wala havijagombana.
Mhina ameupima: gramu mia mbili na kumi.
Ameandika tarehe, ameandika *Amani, kisikini*.
Penye safu ya *kazi yake*
amepiga mstari mrefu kwa rula,
akaacha juu yake nafasi
ya mtu mwingine kuandika.