Mashati Kumi na Moja

*Ghuba ya Anse-Corail, Guadeloupe, 1808*

Jumanne luteni alinitupia mashati kumi na moja,
kola zimekauka jasho na baruti,
akasema bila kunitazama: Alhamisi.
Merikebu yake, mizinga kumi na minne,
ilijibanza chini ya ngome
kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe.

Nikayachemsha kwa majivu. Nikayapiga jiweni.
Nikayaanika ufukweni, mikono chini,
upepo ukayajaza hadi yakaota vifua.

Usiku wa Jumatano Waingereza wakaja, mashua tano,
makasia yamevishwa matambara.
Ngome haikusikia. Mimi nilisikia:
mbwa wa Mjane Desrivaux alibweka mara moja, akanyamaza,
na mbwa yule hanyamazi.

Wanaojua vita husema ilikuwa ndogo.
Kweli. Nilibandika maharage ilipoanza;
ilipokwisha yalikuwa bado yanagonga meno.
Shoka likakata kamba ya nanga,
merikebu ikatoka ghubani kimyakimya
kama punda anayefuata mkono wowote wenye nyasi.

Ngome ilipiga mzinga mmoja tu.
Tufe likaangukia maji.
Mzinga ukaruka nyuma
ukamkuta Télémaque, kaka yangu, tumenyonya titi moja,
aliyeazimwa na shamba la miwa kubeba baruti,
kama jirani anavyoazima jembe.

Miaka minane aliitwa raia.
Alikuwa na karatasi, aliikunja ndani ya kofia.
Kisha meli zikaleta karatasi nyingine.

Mjane alisema gunia linatosha.
Nikaenda kwenye kamba gizani, nikapapasa kola moja moja,
nikachukua lile laini kuliko yote,
lenye herufi mbili za hariri kifuani.
Lilimkaa mabegani.
Lilimkaa vizuri kuliko mwenyewe.

Alhamisi mashua ikaja na kitambaa cheupe.
Kijana wa Kiingereza, chunusi kidevuni,
ametumwa kuchukua nguo za mfungwa wao;
waungwana hutunzana.
Akahesabu. Akarudia kuhesabu.
Akaniinulia vidole kumi.

Nami nikainua kumi,
nikavishusha,
nikainua kimoja.
Nikakielekeza mlimani, kwenye udongo mbichi.

Alitazama kule muda mrefu, kofia mkononi.

Akalipa kumi.