Zamu ya Opondo

Tumebishana tangu saa mbili,
mimi, Kwach wa duka la rangi, na Wasike wa benki,
hapa Kondele, mezani pamebaki mifupa ya samaki:
gemu za zamani si ndizo zilikuwa gemu?

Kwach anapiga meza.
Zamani, anasema, ukifa umekufa.
Roho tatu, basi, hakuna pa kukopa ya nne.
Siku hizi mtoto akishindwa simu inamuuliza:
ungependa kununua moyo?
Moyo! Kama maini ya Kibuye, kwa kupima.

Wasike anacheka mpaka anakohoa.
Yeye ana mashine nyeusi huko kwake Milimani,
humo mvua hunyesha ukaiona ikiteleza kofiani mwa askari,
nyasi hulala upepo ukipita.
Zenu zile, anasema, mtu alikuwa vipande vinne vya rangi
nanyi mkaapa mnamwona akikunja uso.

Tulimwona.

Nami naleta ushahidi wangu:
kibanda cha Nyangweso, nyuma ya kinyozi,
televisheni ya kisogo, nzito kama gunia la saruji,
shilingi tano kwa dakika kumi, saa ya ukutani ndiyo hakimu.
Kaseti ikigoma tuliichomoa, tukaipuliza kwa zamu,
kila mtu na pumzi yake, na mate yake,
kama wanaobembeleza moto wa kuni mbichi.
Stima ikipotea tuko hatua ya saba
Kondele nzima ilisikia msiba wetu.
Hapakuwa na kuhifadhi. Kesho ulianza mwanzo,
daraja lile lile, nyoka yule yule,
vidole vikikumbuka kichwa kilichosahau.
Tulijifunza kwa malengelenge, nikasema,
na nikawaonyesha kidole gumba, kana kwamba bado lipo.

Opondo hajasema neno.
Koti la kazi limekunjwa magotini;
saa nne anaanza ulinzi kituo cha mafuta.
Ndiye aliyesimama mlangoni mwa Nyangweso,
bega moja kivulini, bega moja juani,
akitupigia kelele: Ruka! Kuna shimo! Rudi, ufunguo uko nyuma!
Ndiye aliyejua ukuta upi ni wa uongo.
Ndiye aliyehesabu pumzi za joka kabla halijatema moto:
moja, mbili, mbili na nusu, sasa.
Bila yeye nisingevuka hatua ya tano,
na hilo sikuwahi kulisema hadi leo.

Basi wewe amua, Kwach akamwambia.
Za zamani au za sasa?

Opondo akachokoa mwiba kwenye jino, akautazama.
"Za zamani sizijui. Sikuwahi kucheza."

Nikaipekua ile miaka kutafuta mikono yake.
Niliiona kwenye fremu ya mlango.
Niliiona na mfuko wa omena wa mama yake,
na mtungi wa maji wa Nyangweso, ukijaa, ukirudi kujazwa.
Kwenye padi sikuiona.
Na mimi Jumamosi fulani nilikuwa na shilingi ishirini nzima,
nikazimaliza peke yangu.

Akatoa simu, kioo chake kina ufa kama mto na vijito.
"Hii ni ya bure. Saa nane usiku, magari yakikatika,
nacheza. Niko hatua ya mia mbili na kumi na nne.
Matangazo huingilia, mkopo, sabuni, mkopo.
Nayasubiri yaishe.
Kusubiri nilishazoea."

Akaiegemeza kwenye chupa ya soda.
Tukainama, vichwa vitatu na chake,
Wasike wa mvua ya kweli akisukuma kiti ili aone.
Kijitu chekundu kikakimbia, ukingo ukakaribia,
nami nikashindwa kujizuia: Ruka! Ruka sasa!

"Nyamaza," akasema Opondo, bila kuinua macho.
"Naona."