Mstari wa Tisa

Aliyeziita nyasi za mapenzi
hakuwauliza kondoo.
Wanazinusa, wanageuza shingo,
wanakwenda kulamba mwamba.

Nimefika Monaro mwezi Machi
na vigingi arobaini na vinane, kamba, daftari,
na madumu mawili: moja la bluu, moja la njano.
Dawa zenyewe ni binamu. Kazi ile ile,
bei mbalimbali, na kila muuzaji
anamwapia mama yake.

Alwyn Treloar amesimama penye lango la uzio,
mikono mifukoni.
"Baba yangu ndiye aliyezipanda," anasema.
"Mwaka wa ukame. Bwana shamba alimletea gunia la mbegu,
bure, ili udongo usipeperuke."
Anatema mate.
"Udongo haukupeperuka."

Mistari kumi na miwili. Minne ya bluu,
minne ya njano, minne ya maji matupu,
maana bila maji matupu
hutajua kama ni dawa iliyoua
au Mungu kaamua tu.

Wiki ya tatu, njano inaongoza.
Vichaka vimekauka, rangi ya chai ya maziwa;
Alwyn amepiga picha, amemtumia shemeji yake.
Kwenye bluu hakuna kitu. Nyasi zinacheza na upepo
kama watu ambao harusi yao haijaisha.
Naandika: njano, tisa juu ya kumi. Bluu, moja.
Na moja hiyo ni huruma.

Juni, sakitu. Wino unagoma kalamuni.
Nalaza fremu ya mraba chini, napiga magoti,
nahesabu shina kwa shina,
nachambua majani kwa kidole
kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.
Njano: katikati ya ukavu, uzi wa kijani.
Halafu mwingine. Halafu siachi kuziona.
Bluu: bado zimesimama, lakini ukivuta
zinakuja mkononi bila ubishi,
chini hakuna mizizi, kuna vumbi.

Lakini hiyo hiyo bluu
imeondoka pia na nyasi-kangaruu,
zile nyekundu, zilizokuwa hapa
kabla mtu hajawaza uzio,
na kwa miezi minne kondoo hawaruhusiwi kukanyaga.
Jedwali langu halina safu ya mambo hayo.
Limeuliza tu: zimekufa ngapi?

Septemba. Mstari wa tisa.
Maji matupu tangu mwanzo;
ulipaswa kuwa msitu. Nahesabu mara tatu:
vichaka vinne, na mashimo,
mashimo madogo, nadhifu,
upana wa jembe la mkono.

Darinka, mke wa Alwyn, anakuja na kahawa kwenye chupa ya chai.
Hanitazami. Kucha zake zina udongo mweusi.
"Nilikuwa napita," anasema. "Jioni. Kumwita mbwa."
Namimina kahawa. Nangoja.
"Dirisha la jikoni kwangu linatazama pale pale.
Miezi sita naosha vyombo
huku naziona zikitoa mbegu,
na ninyi mmeniambia nisiguse, ni sayansi.
Haya. Niliweza wiki mbili."

Alwyn anacheka mpaka anashika uzio.
Mimi sicheki. Ule mstari ulikuwa mizani yangu,
na mtu ameutia kidole.

Usiku, kwenye chumba cha kukodi juu ya baa,
hita inakohoa, najaza jedwali.
Bluu: themanini na nane kwa mia.
Njano: arobaini na moja.
Mstari wa tisa nimeuondoa, kama kanuni zinavyotaka,
nikaweka kinyota, na chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo:
umevurugwa.

Nimelitazama neno hilo mpaka chai imepoa.
Nimelifuta.
Nimeandika: jembe, jioni, mtu mmoja.
Tisini na tatu kwa mia.
Bei kwa hekta: haijulikani.