Siku Tusiyoanika

Nilifika Ngomeni na kipaza sauti, bendera ya upepo
na chaki ya kuazima shuleni.
Nikachora roketi ubaoni: miguu minne, matangi mawili.
Nikasema: ikitua, usidhani imefika.
Inasimama wima kama mgeni mwenye adabu
na tumboni bado ina methani isiyo rangi,
na oksijeni ya baridi inayoivisha koti la barafu
katika jua hili la Januari.
Msiiguse barafu ile.
Nguo iliyokunywa oksijeni
inangoja cheche moja tu.

Wakaandika, au wakajifanya kuandika.

Kisha nikataja haidrazini,
ile ya injini ndogo za kunyooshea shingo,
sumu ya pumzi na ya ngozi.
"Mtaijua kwa harufu," nikasoma kwenye mwongozo.
"Inanuka kama samaki."

Kicheko kilianzia madawati ya nyuma.
Dhahabu wa Ngumbao, mwenye chanja sita za papa na nguru
kando ya njia ya chumvi, hakucheka.
"Mwalimu, na sisi tunaonuka samaki tangu kuzaliwa,
tutakufa tukidhani ni chakula cha mchana?"

Sikuwa na jibu. Nililiandika swali daftarini,
nikalipigia mstari,
kama mtu anayelipa deni kwa kulitazama.

Siku ya siku, saa tatu na dakika nne,
roketi ililikosa jukwaa lake baharini
ikachagua birika la saba la chumvi, lile kavu.
Moto ukapiga chini, chumvi ikaruka juu,
na weupe ulipotulia, ilikuwa imesimama.
Imesimama! Vijana wakapiga mbinja.
Lakini mguu wa tatu haukujifunga gotini
na mnara mzima uliinama kidogo,
kama anayesikiliza mlangoni.

Kilomita mbili! nikapaza. Joshini, joshini, si demani!
Kule juu vali ilikuwa ikilia, fiiii, mluzi mrefu,
na mluzi ule ndio uliokuwa amani yetu: tangi linapumua.
Likinyamaza kabla ya wakati wake, kimbieni.

Ndipo nilipoziona chanja za Dhahabu.
Tupu. Zote sita, na za jirani zake,
hadi kwa kina Famau penye mikoko.
Usiku alikuwa amepita nyumba kwa nyumba:
kesho hakuna kuanika, hakuna kukaanga,
ng'onda wote ndani ya madebe, vifuniko vibanwe kwa mpira.
"Leo," akaniambia, leso imelowa jasho,
"ukinusa samaki, si samaki."

Kijiji kizima kikainua pua.

Dakika ya arobaini mtoto wa Famau
akanyoosha mkono kama yuko darasani.
Hatukumuuliza mara mbili.
Tulisogea mita mia tano tena, bibi mgongoni, mbuzi kwa kamba.
Mpaka leo sijui kama ilikuwa sumu
au kipande cha papa kilichosahauliwa mfukoni mwa mtu.
Sitaki kujua.

Makao makuu walituma ujumbe saa tatu na dakika tano:
Imetua salama.
Ripoti yangu ina saa mbili.
Imetua: saa tatu na dakika nne.
Salama: saa tano unusu.

Chini palikuwa na safu ya gharama.
Nikajaza: chanja sita, siku moja ya jua.
Ikarudi na alama ya kuuliza, kwa wino mwekundu.