Ghala, Jumatatu Baada ya Isha

Kwa Kiswahili cha mama, ghala ni pa kuwekea nafaka.
Hapa Maskati, Ghala ni mtaa wa magereji,
matairi, vioo, mafuta yaliyoganda kwenye lami.
Anwani nilipewa na nesi wa Kifilipino, Marivic,
nyuma ya risiti ya vidonge vya ini:
Juu ya duka la betri. Jumatatu. Baada ya isha.
Hakuandika ya nini. Sikuuliza.

Jumatatu ya kwanza niliegesha, nikazima taa,
nikaitazama ngazi ya chuma mpaka nayo ikanitazama.
Mwenye duka akatoka. Nikaona haya.
Nikanunua betri,
ya gari ambalo betri yake ilikuwa na miezi miwili.

Jumatatu ya pili nikanunua nyingine.

Jumatatu ya tatu Biju hakutaja bei.
Alifuta mikono kwa tambara, akaelekeza kidevu ngazini:
"Wengi wa huko juu," alisema, kwa Kiarabu chake cha gereji,
"walianza na betri."

Vidato kumi na saba. Nilivihesabu
kwa sababu mkono ulitetemeka, nikataka kichwa kiwe na kazi.
Uongo wangu nilikuwa nao tayari:
samahani, nimekosea mlango, namtafuta fundi wa kiyoyozi.
Hakuna aliyeniuliza.

Viti tisa vya plastiki, kimoja kimefungwa waya mguuni.
Birika. Maziwa ya kopo.
Mskoti aliyewahi kufundisha watu kupiga mbizi.
Kijana wa Salala, kilemba kimefungwa kwa unadhifu wa arusi,
na chini yake miguu inacheza peke yake.
Kwetu mtu ni fulani bin fulani bin fulani, kisha kabila;
pale jina moja tu,
mababu wote wameachwa mlangoni pamoja na viatu.

Zamu ikanifikia.
Kwa Kiingereza neno lile nililijua, lakini halina uzito,
kama noti ya nchi usiyoishi.
Kwa Kiarabu ningeisikia sauti ya baba mkwe.
Likatoka lenyewe, la jikoni, la utotoni,
lile ambalo mama alimwita nalo mtu mmoja tu,
jirani aliyekuwa akilala barazani na kiatu kimoja:
Mie mlevi.

Hawakuelewa. Wakaitikia kwa vichwa hivyo hivyo.
Ila pembeni, mwanamke wa dobi la hoteli, Nekesa,
vidole vimebabuka kwa dawa ya madoa,
akasema kwa Kiswahili cha Bungoma, bila kupunguza sauti:
"Mimi pia. Kunywa chai, itapoa."

Sikwambii nimepona.
Alhamisi ile ile nilianguka.
Ijumaa nikasimama mbele ya hoteli moja Kurumu
dakika arubaini, injini inanguruma,
nikampigia Mskoti. Tukazungumza habari za pweza,
pweza tu, namna anavyobadili rangi akiogopa,
mpaka nikageuza gari.
Leo ni siku ya kumi na moja kutoka Ijumaa ile.
Si nyingi. Pakiti ya sukari hudumu zaidi.

Jana Zuwena alifungua buti kuweka gunia la mchele.
Pale kando ya tairi la akiba, mahali anapopajua
na ambapo kwa miaka sita hajapataja,
alikuta betri mbili mpya, bado zimo kwenye nailoni.
Akainama. Akanusa,
kama anusavyo maziwa kabla ya kuwapa watoto.
Kisha akaninusa na mimi.
"Betri mbili?"
"Akiba," nikasema.
Akalaza gunia juu yake, akafunga buti,
akaingia ndani bila neno.

Leo nimerudi kutoka kuswali isha.
Viatu vyangu vya kutokea vimepangwa kizingitini,
na ndani ya kimoja, funguo za gari.